Gari Lenye Ugonjwa Mmoja na Gari Lenye Magonjwa Kumi: Ulinganisho kwa Mwenye Milioni Saba

Mpwa wangu anakaa Mbezi na anafanya kazi Kariakoo, jijini Dar es Salaam, na kwa miaka mitatu amekuwa akidunduliza fedha za kununua gari. Mwezi Machi akiba yake ilifika shilingi 7,000,000, akaniletea simu yenye picha za magari mawili na swali moja: "Mjomba, kati ya haya nichukue lipi?" La kwanza lilikuwa Toyota Carina, lile ambalo wengi huliita Carina Ti, la rangi ya fedha, linalong'aa kama limetoka kuoshwa dakika hiyo. Bei yake ilikuwa 4,500,000, na maelezo yalisema kwamba kila kitu kipo sawa, "tatizo ni gasketi tu", yaani kile kizibo chembamba kati ya hedi, sehemu ya juu ya injini, na bloku iliyo chini yake. La pili lilikuwa Toyota Vitz ya toleo la kwanza, rangi imechuja juu ya paa, bampa la nyuma limefungwa kwa waya. Lilikuwa likiuzwa 5,200,000, na mwenye nalo alikuwa ameorodhesha kasoro zake moja baada ya nyingine mpaka ukajiuliza kama kweli anataka kuliuza.

Nimeamua kuyaweka magari hayo mawili bega kwa bega kwa maandishi, kwa sababu chaguo lililokuwa mbele ya binti huyu ndilo linalowakabili watu wengi wenye fedha za kununua gari chakavu lakini wasio na fedha za kununua gari zima. Njia ya tatu, yaani kusubiri na kuongeza fedha, nayo nitaigusa. Msimamo wangu ni kwamba idadi ya kasoro si kipimo cha ubovu wa gari. Kipimo ni kama kasoro hiyo ina mwisho unaoweza kuuona kabla ya kutoa fedha, kwa sababu ipo kasoro ambayo fundi anaitaja bei yake ukiwa umesimama hapo hapo, na ipo ambayo bei yake hujulikana baada ya kufungua, kisha ikabadilika baada ya kufungua tena.

Kwa nini gari la zaidi ya miaka 20 bado ni mamilioni

Carina la mwisho lilitoka kiwandani Japani mwaka 2001, na Vitz ya toleo la kwanza ilitengenezwa kuanzia 1999 hadi 2005. Mtu anaweza kushangaa kwa nini vyombo vya umri huo haviuzwi kwa bei ya chuma chakavu. Sababu iko bandarini. Anayeagiza gari kutoka nje hulipa ushuru wa forodha wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na gari likiwa limezidi miaka 10 huongezwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Wenzetu wa Kenya hawapokei kabisa gari lililozidi miaka 8, na Uganda tangu 2018 imefunga mlango kwa gari lililozidi miaka 15. Kwetu mlango uko wazi, ila anayepita anatozwa, na tozo hiyo ndiyo inayoyashikilia bei magari yaliyokwisha kuingia. Kwa milioni saba, kuagiza hakumo katika hesabu, na mnunuzi amebaki na magari yaliyotumika hapa nchini.

Neno moja kuhusu namba, maana madalali hulipenda. Gari "namba D" halimaanishi gari jipya kuliko "namba B". Herufi hizo zinaonyesha wakati gari liliposajiliwa Tanzania, na gari la mwaka 2000 lililoingia kwa kuchelewa linaweza kubeba herufi ya mbele kuliko mwenzake wa rika lake. Mwaka wa kutengenezwa umo kwenye kadi, na huo ndio wa kuangalia.

Carina: ugonjwa mmoja

Tulikwenda kuliona Tabata siku ya Jumamosi, saa mbili asubuhi, na jana yake nilikuwa nimemwomba muuzaji kwa simu asiliwashe gari kabla hatujafika. Tulisalimiana vizuri, na kabla sijasema lolote niliweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa na joto. "Nimelisogeza tu kivulini, kaka," akasema. Kivuli chenyewe kilikuwa hatua sita kutoka pale lilipolala. Injini yenye shida ya gasketi ya silinda hedi husema kweli yake zaidi inapowashwa ikiwa imepoa, na muuzaji anayeipasha moto kabla ya mgeni kufika huwa ana sababu. Tukaagiza chai tukakaa zaidi ya saa nzima mpaka chuma kikapoa, jambo ambalo namshauri kila mnunuzi alifanye bila aibu. Ni hatari pia kufungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto, kwa kuwa maji yaliyomo hutoka kwa shinikizo na huunguza uso.

Fundi tuliyekwenda naye alifungua vitu viwili tu. Ndani ya rejeta kulikuwa na maji ya kahawia, si kulanti, ile dawa maalumu ya kupoozea injini. Maana yake ni kwamba gari limeendeshwa kwa maji ya bomba muda mrefu, na kutu imekuwa ikila njia za maji ndani ya injini. Chini ya kifuniko cha oili kulikuwa na utando laini wenye rangi ya chai ya maziwa, dalili kwamba maji na oili vimekutana mahali ambapo havipaswi kukutana. Kisha akawasha tochi ya simu, akainama upande wa nyuma wa injini, akaniita. Pale hedi inapokutana na bloku kulikuwa na mstari mwembamba wa silikoni ya kijivu uliovujia nje, na boliti mbili zilikuwa na mikwaruzo mipya ya spana. "Hii imeshafunguliwa, na si zamani," akasema kwa sauti ya chini. Tulipoiwasha ilitoa moshi mweupe ulioendelea hata baada ya injini kupata moto, na viputo vikawa vinapanda ndani ya rejeta kama maji ya wali yanayoanza kuchemka. Themostati, kifaa kinachodhibiti joto la injini, haikuwepo. Mafundi wengi wa mitaani huitoa gari likianza kuchemsha. Joto huonekana kushuka kwa muda, lakini chanzo hubaki pale pale na injini hula mafuta zaidi kwa kuwa haifiki joto lake la kazi.

Gari kuchemsha ni dalili, na nyuma yake zinaweza kujipanga sababu nyingi: feni iliyokufa, rejeta iliyoziba, wota pampu inayovuja, au gasketi iliyoungua. Gasketi ikiwa imeungua, swali linalofuata ni kama hedi, ambayo ni ya aluminiamu, imepinda kwa joto. Ikiwa imepinda, inahitaji kupelekwa kwenye mashine ikasawazishwe, na ikiwa imepasuka inahitaji nyingine. Endapo bloku yenyewe imeathirika, au ringi za pistoni zimechoka kwa sababu oili ililainishwa na maji, basi unazungumzia injini nyingine ya mtumba. Hizi ni ngazi nne, na ubaya wake ni kwamba huwezi kujua umesimama ngazi ya ngapi mpaka umelipia iliyotangulia.

Makadirio aliyotupa fundi yalikuwa haya. Gasketi pamoja na ufundi, 350,000. Kwa kuwa injini hiyo hutumia mkanda wa taimingi na si cheni, mkanda na wota pampu vingebadilishwa wakati huo huo kwa 200,000, na kulanti, oili, filta na usafishaji wa rejeta vingechukua 150,000, jumla 700,000. Hedi ikihitaji kubadilishwa, tuongeze 500,000. Ikifika kwenye injini ya mtumba kutoka Gerezani au Ilala, 1,500,000 ya injini yenyewe, 300,000 ya kuifunga, na kama 350,000 ya vikorokoro vinavyoambatana nayo. Injini nyingine huleta na kazi ya karatasi, maana namba ya injini iliyo kwenye kadi haitalingana tena na iliyo kwenye gari, na lazima irekebishwe.

Hapo ndipo nilipomwomba mpwa wangu ajiulize swali moja ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko vipimo vyote vya fundi. Carina kama hilo likiwa zima tuliliona likiuzwa kwa 6,500,000. Huyu analiuza 4,500,000, na kwa kauli yake alikuwa tayari kushuka hadi 3,900,000. Ikiwa tatizo ni gasketi tu, na gasketi ni 350,000, kwa nini mtu akubali kupoteza zaidi ya milioni mbili ili aepuke kutoa laki tatu na nusu? Zipo sababu za kweli zinazoweza kumfanya mtu afanye hivyo, kama vile msiba, ada ya shule au safari ya ghafla. Lakini silikoni ile ya kijivu ilikuwa imekwisha kutujibu: alijaribu, akashindwa, na sasa anatafuta mtu wa kuendelea na jaribio hilo kwa fedha zake.

Je, yupo anayefaa kulinunua Carina hilo? Yupo. Ni fundi mwenyewe, au mtu mwenye ndugu fundi na nafasi ya kuliacha gari uani kwa miezi miwili bila kulihitaji. Ni pia mnunuzi anayelipa kana kwamba gari halina injini kabisa. Anachukua bei ya gari zima, anatoa gharama ya injini ya mtumba na kufungwa kwake, anatoa tena kitu kwa ajili ya usumbufu, na kinachobaki ndicho anachotamka mbele ya muuzaji. Kwa hesabu hiyo Carina lile lilistahili kitu kama 3,500,000. Tulimtajia, akacheka.

Vitz: magonjwa kumi

Gari la pili lilikuwa Ubungo, kwa mama mmoja mtumishi aliyekuwa amelitumia miaka sita. Tulimpa shikamoo, akatupa ufunguo, akarudi ndani kuendelea na shughuli zake. Boneti lilikuwa baridi kama mtungi. Nilimwambia mpwa wangu asiangalie rangi kwanza, akajitahidi, ingawa bampa lile la waya lilimsumbua sana.

Magonjwa yenyewe yalikuwa haya: shokapu zote nne zimekufa, bushi za mbele zimelegea, bolijointi moja inagonga, pedi za breki zimekwisha, betri haishiki chaji, matairi mawili ni kipara, maunti moja, mpira unaoishikilia injini, imekatika ndiyo maana usukani unatetemeka gari likisimama, AC haipoozi, kioo cha mlango wa nyuma hakishuki, na rangi pamoja na bampa ni kama nilivyosema. Ukiendesha kwenye barabara ya vumbi unasikia kelele kama sufuria zilizofungwa kwenye gunia.

Lakini injini iliwaka kwa mara ya kwanza ikiwa ya baridi, bila moshi wa aina yoyote. Moshi wa bluu ungetuambia kwamba inakula oili, na mweupe usiokoma ungeturudisha Tabata. Kijiti cha oili kilitoka na oili nyeusi lakini ya kimo kinachotakiwa. Taa ya injini kwenye dashibodi iliwaka ufunguo ulipozungushwa na ikazimika injini ilipowaka, jambo la kuangalia kwa makini, maana wapo wanaoing'oa kabisa balbu hiyo ili isiwaumbue. Tuliliendesha kwa dakika 40 katika foleni ya Barabara ya Mandela mchana wa jua kali, kisha tukaliacha likiunguruma tumesimama, na feni ikawaka na kuzima yenyewe kama inavyotakiwa. Foleni ni kipimo kizuri kuliko barabara kuu iliyo wazi, kwa sababu gari likikimbia upepo huisaidia rejeta na kuficha udhaifu wa feni.

Giaboksi ya otomatiki tuliipima kwa namna mbili. Mafuta yake yalikuwa mekundu yaliyofifia, si kahawia yenye harufu ya kuungua, na mkono wa gia ulipotolewa N kwenda D gari lilishika mara moja bila kusita wala kupiga teke. Ukisikia ukimya wa sekunde mbili kisha kishindo, huo ni ugonjwa wa daraja moja na ule wa Carina, kwa maana ya kwamba mwisho wake hauonekani. Anayetazama Vitz za matoleo ya baadaye aongeze tahadhari kwa giaboksi za CVT, otomatiki zisizo na gia za hatua, ambazo zinahitaji mafuta yake maalumu, na zipo nyingi zilizouawa na mtu aliyeziwekea mafuta ya giaboksi ya kawaida.

Angalia sasa tofauti. Kila kasoro kati ya zile kumi ina jina, ina spea inayouzwa dukani, ina bei unayoweza kuiuliza kwa simu, na ikisharekebishwa haiifungulii njia kasoro nyingine kubwa zaidi. Shokapu ikifa haiui injini. Fundi aliandika kwenye kipande cha boksi la spea: shokapu nne 480,000, bushi na bolijointi 220,000, pedi 60,000, betri 180,000, matairi mawili 260,000, maunti 90,000, servisi kamili ya oili, filta na plagi 150,000, na kunyoosha magurudumu 30,000. Jumla 1,470,000. AC, kioo na rangi vikawekwa pembeni, kwa kuwa hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomzuia mtu kufika kazini akiwa salama.

Orodha hiyo hiyo ya kasoro ndiyo iliyotufaa kwenye mapatano. Tulimsomea mama yule gharama moja moja bila kulidharau gari lake, na kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyezitaja kwanza, hakuwa na la kubisha. Akashuka kutoka 5,200,000 hadi 4,600,000.

Hesabu mbili zikiwekwa pamoja

Kwa bima ndogo, kuhamisha umiliki na ushuru wa stempu tulitenga 250,000 kwa kila gari. Carina kwa 3,900,000, ikitokea kweli kwamba ni gasketi tu na marekebisho yanayoandamana nayo, lingesimama kwa 4,850,000, na mpwa wangu angebaki na 2,150,000 mkononi. Nakiri kwamba hesabu hiyo ni nzuri kuliko ya Vitz, na ndiyo inayowavuta watu. Ingekuwa ni lazima kubadili hedi, angefika 5,350,000. Lakini njia inayotokea mara nyingi ni hii: mtu analipa 700,000 ya gasketi na mengineyo, gari linatembea wiki tatu, linachemsha tena, ndipo anaambiwa injini imekwisha na kulipa 2,150,000 nyingine. Hapo jumla ni 7,000,000 kamili, na bado hatujagusa tairi, betri wala shokapu za Carina lenyewe, ambazo kwa kushughulika na injini hakuna aliyekumbuka kuziangalia.

Vitz kwa 4,600,000, pamoja na matengenezo 1,470,000 na karatasi 250,000, lilikuwa 6,320,000, na akiba ya 680,000. Kwa bei ya kwanza ya 5,200,000 angebaki na 80,000 tu, na hapo ningemshauri asilinunue, hata kama gari lilikuwa lile lile. Gari chakavu halinunuliwi na mtu aliyebakiza nauli ya kurudi nyumbani, kwa sababu hakuna ukaguzi unaoona kila kitu, na kasoro ya mwezi wa kwanza itakayojitokeza haina budi kukukuta na kitu.

Tofauti nyingine ni ya muda. Marekebisho ya Vitz yalikuwa kazi ya siku tatu gereji, na yangeweza kugawanywa: breki na matairi wiki hii, shokapu mshahara ukitoka, gari likiwa linatembea. Marekebisho ya Carina hayagawanyiki. Hedi ikishafunguliwa, gari limelala mpaka lifungwe, na anayesubiri spea huku akilipa bodaboda asubuhi na jioni anatumia fedha ambazo hazikuandikwa kwenye makadirio ya fundi.

Katika mafuta, Vitz ya injini ya lita moja haina mpinzani hapa. Mbezi hadi Kariakoo na kurudi ni kama kilomita 40, na kwa siku 26 za kazi ni 1,040. Tukichukua kilomita 10 kwa lita kwa Carina na 14 kwa Vitz, Carina linakunywa lita 104 na Vitz lita 74, tofauti ya lita 30 kila mwezi. Tukichukua petroli kwa 3,000 kwa lita, hiyo ni 90,000, sawa na bei ya maunti ile. Carina kwa upande wake lina nafasi. Buti lake linameza magunia mawili, na abiria wa nyuma hawakunji magoti. Mwenye familia ya watoto watatu au biashara ya kubeba mizigo anaweza kuona kwamba Vitz halimtoshi hata likiwa zima, na kwake ulinganisho huu ungekuwa kati ya Carina bovu na Carina zima. Mpwa wangu anaendesha peke yake, na mara moja moja humbeba mama yake kwenda kanisani.

Njia ya tatu

Vitz au Toyota IST zima, lililotunzwa, tuliliona kwa milioni 9 na kitu. Binti huweka akiba ya 300,000 kwa mwezi, na kwa hiyo angehitaji miezi saba au minane mingine. Ningemshauri asubiri kama asingepata gari lenye kasoro zinazohesabika, na ningemsihi asubiri kama chaguo pekee lingekuwa Carina. Kukopa milioni mbili kwenye kikoba ili kuziba pengo sikukupenda, kwa kuwa hata gari la milioni 9 litataka servisi, bima na pengine matairi mwezi wa kwanza, na rejesho la mkopo halingojei. Aidha, asidhani kwamba bei kubwa inaondoa haja ya ukaguzi. Boneti la gari la milioni 9 nalo linashikwa kwa kiganja kabla ya salamu kwisha.

Kasoro mbili zisizoonekana kwa kuwasha injini

Ya kwanza ni maji. Dar es Salaam ina maeneo yanayofurika kila masika, Jangwani likiwa linalojulikana zaidi, na gari lililozama huoshwa, hukaushwa na kuuzwa. Inua zulia la sakafuni utafute tope kavu, tazama reli za viti kama zina kutu, na nusa ndani vioo vikiwa vimefungwa. Nyaya zilizolowa huharibika pole pole kwa miezi, leo taa, kesho stata, na hakuna fundi awezaye kukutajia ubovu huo utaishia wapi.

Ya pili ni karatasi, na ningependa ipewe heshima sawa na injini. Vitz lilikuwa na kadi yenye jina la mama yule mwenyewe, na namba ya chesesi iliyochongwa kwenye gari ililingana na iliyoandikwa. Carina lilikuwa kwa jina la mtu mwingine kabisa, na muuzaji alikuwa na mkataba wa mauziano kutoka kwa mtu wa kati ambaye simu yake haikupatikana. Ikiwa aliyeandikwa kwenye kadi amefariki, umiliki hauwezi kuhamishwa bila msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na ukoo wenye mgogoro unaweza kukuweka miaka. Faini za trafiki nazo huangaliwa kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi kabla ya kulipa. Kila kosa lina faini yake, na gari la mtu asiyejali huwa limekusanya kadhaa, ambazo muuzaji anapaswa kuzilipa kabla ya makabidhiano.

Mpwa wangu alichukua Vitz. Breki, matairi na betri vilibadilishwa siku ile ile kabla gari halijafika Mbezi, shokapu na bushi zikafuata Jumatatu na Jumanne, na wakati wa kufunga shokapu za nyuma fundi akagundua beringi ya gurudumu inayovuma ambayo kelele za shokapu zilikuwa zimeificha. Ikaongeza 140,000, na matengenezo yakafika 1,610,000 badala ya 1,470,000. Kwenye akiba yake ya dharura zimebaki 540,000. Bampa bado limefungwa kwa waya.